Bei ya Kitabu cha Miti Huanzia Kwenye Picha

Pauni 10,000. Hilo ndilo deni lililomwelemea John Claudius Loudon wa Uingereza mwaka 1838, alipokamilisha Arboretum et Fruticetum Britannicum, kitabu cha miti na vichaka chenye majuzuu manane: manne ya maelezo, manne ya picha. Aligharimia kazi yote mwenyewe, wakiwemo wachoraji aliowatuma kuchora miti iliyo hai. Waliomdai ni mpiga chapa, muuza karatasi na mchongaji wa picha. Alifariki mwaka 1843, deni halijaisha.

Mkusanyaji wa vitabu vya kale vya miti ya misitu atafakari deni hilo kwanza, kwa sababu gharama ya picha ndiyo iliyoamua zitoke nakala ngapi. Maandishi yakishapangwa, mtambo hutoa nakala ya mia kwa urahisi uleule wa nakala ya kwanza. Picha ya rangi haikuwa hivyo. Kitabu cha François-André Michaux kuhusu miti ya Amerika Kaskazini kilitoka Paris kati ya 1810 na 1813, kikiwa na picha karibu 140 zilizopigwa chapa kutoka kwenye mabamba ya kuchongwa, kisha rangi zikamaliziwa kwa mkono. Kwa nakala 500 tu, kazi ya namna hiyo inataka brashi ipite kwenye karatasi 70,000.

Romeyn Hough wa Lowville, jimbo la New York, alikwenda mbali zaidi: badala ya kuchora mbao, aliziweka zenyewe kitabuni. Juzuu la kwanza la The American Woods lilitoka mwaka 1888 na aina 25 za miti. Kila aina ilikatwa mara tatu, kukingama shina, kwa urefu kupitia kiini, na kwa urefu pembeni mwa kiini, vipande vikiwa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Hivyo ni vipande 75 kwa nakala moja. Nakala 100 zinataka 7,500, na kila kipande kikatwe bila kupasuka. Hough alifariki mwaka 1924, na binti yake, Marjorie, akatoa juzuu la 14 mwaka 1928. Seti nzima ina vipande zaidi ya 1,000. Kadi zake hazikushonwa bali zilikaa huru ndani ya kasha, kwa hiyo ni rahisi moja kupotea bila mtu kujua. Hapo ndipo mnunuzi asiyehesabu anapoumia.

Hatari nyingine ni mkasi. The Silva of North America ya Charles Sprague Sargent, majuzuu 14 yaliyotoka kati ya 1891 na 1902, ina picha 740, zote zikiwa kazi ya Charles Edward Faxon. Tuseme mfanyabiashara anaweza kuuza kila picha kwa dola 20 ikiwa imewekwa kwenye fremu. Atapata dola 14,800. Seti nzima ikimgharimu dola 8,000, kishawishi cha kuichana ni kikubwa. Naiona biashara hiyo kuwa uharibifu mtupu. Faxon alichora jani, ua na tunda ili msomaji autambue mti huku akisoma maelezo yake. Picha ikitengwa na maelezo hayo inabaki pambo la ukuta. Na kila seti inayochanwa hupunguza idadi ya zile zilizobaki kamili.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei, mwombe muuzaji athibitishe idadi ya picha, juzuu kwa juzuu, na akutumie picha za kurasa zenye madoa ya kahawia au alama za maji. Kulinganisha hakuna gharama: Biodiversity Heritage Library imeweka vitabu vya Sargent na Michaux mtandaoni bure, na maktaba ya North Carolina State University imefanya hivyo kwa mbao za Hough. Mtu aliye Dodoma au Mombasa anaweza kufungua nakala hizo, akazipitia namba moja baada ya nyingine, na kujua kilichopungua kabla hajalipia hata usafirishaji.