Kuipima Programu Kabla ya Kuiamini

Baadhi yenu mmeniuliza kazi yangu ya kuandika programu hapa Bujumbura ni kazi gani. Nitaeleza sehemu moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba kinachoingizwa ni cha aina inayotakiwa: namba iwe namba, jina liwe jina.

Chukueni alama za mtihani. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa huandika 12,5 kwa mkato, lakini lugha za kompyuta hutaka nukta. Ukiitaka Python iyageuze maandishi hayo yawe namba, hukataa waziwazi, na hiyo ni heri. JavaScript, kwa amri yake iitwayo parseFloat, husoma 12, huacha yaliyobaki, wala haisemi neno. Mwanafunzi amekwisha kunyang'anywa nusu alama, na pengine nusu hiyo ndiyo ya kufaulu!

Kwa hiyo kila kipande cha programu hukiandikia majaribio madogo. Sikipi alama nzuri tu. Hukipa pia "12,5", na nafasi tupu, na hata neno "nan". Hili la mwisho ni janja sana: Python hulikubali kuwa namba, na ukiuliza kama limezidi 20, hujibu hapana, ukiuliza kama limepungua 0, hujibu hapana vile vile, basi likapita. Jaribio la namna hii hufaulu pale tu kipande kinapokataa, jambo ambalo huwashangaza wanaoanza. Nami huyaendesha yote upya kila nibadilishapo mstari, hata mmoja.