Nani Anayechanga Karata?

Mchezo wa karata unaochezwa barazani, watu wakitazamana nyuso, una mashahidi wake: mikono ya mgawaji yaonekana, karata zachangwa mbele ya macho ya wote, na mwenye shaka aweza kudai zichangwe tena. Katika poka inayochezwa kwa njia ya intaneti mashahidi hao wote hutoweka, kwa kuwa anayechanga si mtu bali ni programu iliyomo katika kompyuta ya mwenye mchezo. Wako waungwana watakaosema kwamba kamari ni haramu, ichezwe kwa insafu au kwa hadaa, nami sina nia ya kubishana nao. Lakini suala la jinsi watu wasioaminiana wawezavyo kupata nasibu iliyo ya haki ni suala la elimu ya hesabu, na faida yake imevuka mipaka ya kamari.

Karata 52 zaweza kupangika kwa namna nyingi mno, hata idadi yake ikiandikwa huwa nambari yenye tarakimu 68, na haki yataka kila mpangilio uwe na nafasi sawa ya kutokea. Kompyuta, kwa tabia yake, haijui kubahatisha. Hufuata amri tu, na ile iitwayo nasibu yake aghalabu ni mfululizo wa hesabu unaoanzia katika nambari moja, iitwayo mbegu, na mbegu ileile huzaa mfululizo uleule daima. Mwaka 1999 kampuni ya ASF Software, iliyotengeneza programu za poka, iliitangaza hadharani kanuni yake ya kuchanga karata ili watu wawe na yakini nayo. Wataalamu wa Reliable Software Technologies huko Marekani, miongoni mwao Gary McGraw, walipoisoma wakakuta kwamba mbegu ilikuwa ya biti 32, yaani katika mipangilio yote ile ni bilioni 4 na ushei tu iliyoweza kutokea. Tena mbegu yenyewe ilichukuliwa katika saa ya kompyuta, kwa kuhesabu milisekunde tangu usiku wa manane, nazo kwa siku nzima ni 86,400,000. Walipolinganisha saa yao na ya mwenye mchezo, mipangilio ya kujaribu ikapungua hadi takriban 200,000, ilhali karata tano zaweza kufuatana kwa namna zaidi ya milioni 311. Kwa hiyo mchezaji aliyekwisha kuziona karata zake mbili, na zile tatu za mwanzo zinazofunuliwa mezani, aliweza kuitambua mbegu, na papo hapo akajua karata za kila mtu pamoja na zile zisizofunuliwa bado. Fauka ya hayo kanuni ilikuwa na taksiri nyingine: karata iliyokuwa ya 52 haikuweza kamwe kubaki katika nafasi ya 52.

Wataalamu wale waliitoa habari hiyo hadharani, nami naona kwamba kampuni ile, ijapokuwa kanuni yake ilikuwa mbovu, ilitenda jema kuliko wengi waliofuata, maana ubovu ule ulijulikana kwa sababu uliwekwa bayana.

Kinyume chake ni habari ya UltimateBet, tovuti ya kuchezea poka, ambako kosa halikuwa katika hesabu bali palikuwa na khiyana ya watu wa ndani. Katika programu yake mlikuwa na njia ya siri ya kuziona karata za wachezaji wengine mchezo ungali ukiendelea, na hadaa hiyo ikadumu tangu mwaka 2003 hadi mwanzo wa 2008. Tume ya Kamari ya Kahnawake, huko Kanada, iliyoipa leseni, ilimtaja Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 1994, kuwa mhusika mkuu, na fedha zilizorudishwa kwa waliodhulumiwa zikapindukia dola milioni 22. Waliotangulia kuing'amua dhuluma walikuwa wachezaji wenyewe, waliohifadhi kumbukumbu za maelfu ya migao, wakaipima faida ya mtu mmoja kwa faida za wengine, wakaona kwamba bahati ya namna ile haipatikani kwa nasibu.

Je, yawezekana kucheza pasipo mgawaji wa kuaminiwa? Wataalamu wa elimu ya usiri Adi Shamir, Ronald Rivest na Leonard Adleman walilijibu swali hilo mwaka 1979. Tuseme kila karata imo katika kijisanduku kinachoweza kutiwa makufuli mawili. Mchezaji wa kwanza anavifunga vyote 52, anavichanganya, anavipeleka kwa mwenzake. Huyo, asiyejua kilichomo, anachagua vya mwenzake na kumrudishia afungue, kisha anachagua vyake, anatia kufuli lake juu ya lile la kwanza, anavirudisha ili la kwanza litolewe, na mwisho anafungua la kwake. Makufuli hayo ni hesabu tupu. Hata hivyo Richard Lipton alibainisha kwamba baadhi ya sifa za nambari hazifutiki kwa ufungaji ule, hivyo karata huacha alama. Na katika kuiondoa kasoro hiyo Shafi Goldwasser na Silvio Micali, mwaka 1982, waliasisi ufichaji wa maandishi ambao neno lilelile, likifichwa mara mbili, hutoka kwa sura mbalimbali, nao umekuwa nguzo mojawapo ya elimu ya usiri hadi leo.

Limebaki jambo ambalo kufuli halilizuii: wawili wa meza moja wanaopigiana simu na kuambiana karata zao, huku wa tatu akiliwa fedha zake katika mchezo uliochangwa kwa haki kamili. Dalili zake zimo katika kumbukumbu, kwa kuwa baada ya migao mingi huonekana kwamba wawili hao hawapandishiani dau, na kwamba mmoja hujitoa kila mwenzake ashikapo karata njema. Lakini hayo huyaona vyema yule tu mwenye karata za wote, naye aghalabu ni mwenye mchezo peke yake. Nadai kumbukumbu kamili, pamoja na karata zilizofichwa, wapewe wachezaji baada ya muda kupita. Walio hodari watapinga kwamba siri za uchezaji wao zitafichuka, na hoja yao ina uzito. Ila siri hizo tayari zimo mikononi mwa mwenye mchezo, na ya UltimateBet yalitokea mikononi humo.