Trekta linapogoma kunyanyua plau: Mafuta ya haidroliki yanavyobadilishwa nyumbani

TREKTA dogo linaloshindwa kunyanyua plau katikati ya msimu humtia mwenye shamba hasara siku hiyo hiyo. Omurushaka, mji mdogo wilayani Karagwe ambako barabara ya kutoka Bukoba kupitia Kyaka inaungana na ile iendayo Nkwenda hadi Murongo, mpakani mwa Uganda, fundi wa pikipiki hatafutwi kwa taabu. Fundi aliyezoea haidroliki ya trekta ni habari nyingine. Mara nyingi inabidi aitwe kutoka mbali, na gharama za safari yake humwangukia mwenye trekta.

Ndiyo maana swali la kubadili mafuta ya haidroliki nyumbani, bila karakana, lina uzito kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Linawahusu pia wale wanaoishi Mwanza au Dar es Salaam na kuendesha mashamba yao kwa simu, wakimwachia dereva kila kitu isipokuwa fedha.

Jibu fupi ni kwamba kazi hiyo inawezekana. Haihitaji mashine, bali spana zinazofaa, chombo cha kukingia, mahali tambarare na usafi. Kinachowaponza wengi ni kununua mafuta yasiyostahili.

Kosa hilo lina chanzo chake. Watu wengi huyachukulia mafuta yote kuwa ni ya kulainisha tu, hivyo yoyote yanayoteleza huonekana yanatosha. Katika haidroliki, mafuta ndiyo yanayofanya kazi. Pampu huyasukuma kwa nguvu kuingia kwenye silinda, nayo hunyanyua mikono miwili ya nyuma inayobeba plau au haro. Mfumo huo wa kufunga zana kwa nukta tatu, ulioenezwa na Harry Ferguson katika karne iliyopita, ndio unaotumika hadi leo katika matrekta karibu yote duniani.

Zaidi ya hapo, katika matrekta mengi madogo mafuta hayo hayo hukaa katika tangi moja na giaboksi pamoja na difu. Mengi ya kisasa huwa pia na breki zinazozunguka ndani ya mafuta hayo. Kwa hiyo anayemimina mafuta asiyoyajua kwenye haidroliki anayamimina pia kwenye gia na kwenye breki. Katika nchi ya vilima kama Karagwe, trekta linaloteremka na tela lililojaa ndizi au magunia ya maharage halipaswi kuwa na breki za kubahatisha.

Mafuta yanayokusudiwa kwa tangi la pamoja hutambulika kwa herufi UTTO kwenye chombo chake. Yana viungo vya kulinda meno ya gia na vya kuziwezesha breki kushika bila kupiga kelele. Mafuta ya kawaida ya haidroliki, yale ya makatapila yenye namba 46 au 68, ni mazuri kwa kazi yake, lakini hayakutengenezwa kwa ajili ya gia wala breki hizo. Oili ya injini namba 40, ambayo hupatikana karibu kila duka la vipuri, nayo haistahili kumiminwa humo kwa sababu tu ipo karibu, isipokuwa pale mtengenezaji alipoiruhusu. Hatari kuliko yote ni mafuta ya breki za magari. Hayo huharibu sili za mpira, na baada ya hapo mfumo mzima huanza kuvuja.

Hakimu wa mwisho ni kitabu cha maelekezo cha trekta lenyewe. Kimo humo kiasi cha lita, ambacho kwa matrekta madogo hutofautiana sana, pamoja na saa za kazi za kubadilisha. Watengenezaji wengi huagiza trekta jipya libadilishiwe mafuta au filta mapema, baada ya takriban saa 50, kwa kuwa gia mpya huacha unga wa chuma zinapozoeana. Baada ya hapo muda huwa mrefu zaidi, saa mia kadhaa, na wengine hufikisha 1,000. Anayenunua trekta kuukuu lisilo na kitabu wala saa inayofanya kazi afadhali abadilishe yote mara moja na kuanza hesabu upya.

Hata hivyo, saa peke yake hazitoshi. Karagwe ina usiku wa baridi na mchana wa joto, na hewa iliyo ndani ya tangi hutoa unyevu unaogeuka matone ya maji. Trekta likilala nje msimu mzima wa mvua, maji huweza pia kupenya kwenye mpira wa mkono wa gia uliopasuka. Dalili yake haifichiki: mafuta hubadilika rangi na kufanana na chai ya maziwa. Yakifikia hapo, hata kama yalimiminwa mwezi uliopita, yanapaswa kutoka, la sivyo kutu huanza kula beringi na pampu.

Kazi yenyewe huanza kwa kuwasha trekta na kulifanyisha kazi nyepesi kwa dakika kumi hivi. Mafuta yakiwa vuguvugu hutoka haraka na kubeba uchafu uliotulia chini, ila yasiwe ya moto wa kuunguza mikono. Kisha trekta husimamishwa mahali tambarare, mikono ya nyuma ikateremshwa hadi mwisho, injini ikazimwa na magurudumu yakawekewa vizuizi. Mikono ikiachwa juu, mafuta mengi hubaki ndani ya silinda, na yeyote aliye chini yake yuko hatarini.

Kabla ya kugusa nati ya chini, kifuniko cha kujazia kifunguliwe kwanza. Ni tahadhari ndogo, lakini kuna waliomwaga mafuta yote ndipo wakagundua kuwa kifuniko cha juu kimeshika kutu na hakifunguki. Eneo linalozunguka kila nati na filta lisafishwe kwa brashi, kwani mchanga wa punje chache tu unatosha kukwaruza pampu.

Nati za kumwagia huenda zikawa zaidi ya moja: chini ya giaboksi, chini ya difu, na wakati mwingine karibu na kila gurudumu la nyuma. Anayefungua moja akadhani amemaliza huchanganya mafuta mapya na machafu. Ekseli ya mbele ya trekta linalovuta kwa magurudumu manne kwa kawaida ina mafuta yake, na usukani nao huweza kuwa na tangi lake. Hivyo havihusiki na kazi hii, ila kitabu kikisema hivyo.

Nati yenye sumaku hueleza mengi. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho ni ishara kwamba jino la gia au beringi inavunjika, na hapo ndipo fundi anapostahili kuitwa, hata kama atatoka mbali.

Chujio la waya huoshwa kwa dizeli na kuachwa likauke, bila kufutwa kwa tambara linaloacha nyuzi. Filta ya karatasi haioshwi, hubadilishwa. Mpira wa filta mpya hupakwa mafuta kidogo, kisha hukazwa kwa mkono kama kitabu kinavyoelekeza.

Mafuta mapya humiminwa kwa faneli safi hadi alama ya kijiti cha kupimia. Injini huwashwa kwa mwendo mdogo, na mikono hunyanyuliwa na kuteremshwa mara kadhaa ili hewa itoke. Injini ikizimwa, kipimo hurudiwa, kwa kuwa filta na mabomba humeza sehemu ya mafuta. Pampu ikiendelea kulia, au mafuta yakitoa povu, kuna hewa inayoingia upande wa kufyonza, mara nyingi kwa sababu ya mpira uliokaa vibaya au kiasi kisichotosha.

Uvujaji usitafutwe kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano yana nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha lake, ingawa huonekana kama mchomo wa mwiba, linahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Kipande cha kadibodi kinatosha kuonyesha palipovuja.

Mnunuzi naye awe macho dukani, kwa kuwa makopo ya chapa maarufu huweza kujazwa mafuta mengine. Kifuniko ambacho lakiri yake imekwisha kukatwa ni sababu ya kutosha kuacha ununuzi.

Yanabaki mafuta machafu, pengine lita ishirini au zaidi. Kuyamwaga kwenye mgomba nyuma ya nyumba ni kuyapeleka kwenye udongo, na mvua ikija huyasogeza hadi kwenye chemchemi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, taka za hatari hazitupwi ovyo. Wapo wanaoyapaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Desturi hiyo ni ya zamani, lakini haifai kwa mbao za ghala la maharage wala zizi ambamo mifugo hulamba kuta. Yaliyosalia yawekwe kwenye dumu lenye kifuniko, yasichanganywe na maji wala petroli, lihifadhiwe mbali na watoto na kuandikwa ubavuni ni nini kilichomo, hadi litakapopata gari la kulipeleka kwa mkusanyaji mwenye kibali.