Ramani za Nchi ya Kiu

Wajuzi wa lugha hutwambia kwamba asili ya neno ramani ni rahmani, yaani vile vitabu vya manahodha wa Kiarabu vilivyowaongoza baharini. Nalo neno hilo la watu wa jahazi likapanda bara hata likafika Ugogo, nyanda kavu zilizo kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, ambako msafiri hakuhofu mawimbi bali kiu.

Richard Burton na John Speke walipopita huko mwaka 1857, na Stanley baada yao mwaka 1871, waliandama njia ya misafara iendayo Unyanyembe, dira mkononi, wakihesabu saa za mwendo. Kwa hiyo ramani za zama zile ni uzi mmoja wenye vituo, na kando ya uzi karatasi ni nyeupe, si kwa kuwa hapakuwa na watu, bali kwa kuwa mchoraji hakufika. Baada ya kuiacha Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo, limeandikwa jina Marenga Mkali: nyika isiyo na maji ya kunywa. Malenga kwa Kigogo ni maji (asidhani mtu kwamba ni washairi waliopotea njia), na mkali ni Kiswahili cha wapagazi, kisichojali upatanisho. Lakini kosa la mpagazi likishapigwa chapa Ulaya huwa jina.

Wadachi walizifuma njia nyingi pamoja katika ramani zao za kipimo cha 1:300,000, zilizochapwa Berlin.

Zilizo bora, kwa rai yangu, ni zile za 1:50,000, ambazo Waingereza walizitengeneza kwa picha za ndege baada ya Vita Kuu ya Pili: sentimita 2 ni kilomita 1, na kontua, zilizotawanyika tambarareni, husongamana ghafla penye kilima cha mawe kama ukindu kwenye upindo wa mkeka. Mji wa Serikali wa Mtumba hutauona humo, maana chama cha TANU kiliazimia kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma mwaka 1973 tu. Utaona mito, imechorwa kwa buluu iliyokatikakatika, ndiyo alama ya mto wa msimu. Mvua huanza Desemba na kukoma Aprili. Aifuataye alama hiyo mwezi wa Septemba hukuta mchanga mtupu, na akina mama wameinama juu ya shimo lililochimbwa humo, wakichota kwa kata, kisha wakingoja yajae tena.