Kongo ya Mtu Asiyefika Kongo

Tarehe 5 Juni 1930, watoto wa Ubelgiji waliosoma Le Petit Vingtième, jarida lao lililotoka kila Alhamisi pamoja na gazeti moja la Kikatoliki la Brussels, walimkuta Tintin akifunga safari ya Kongo. Mchoraji wake, Georges Remi aliyejiita Hergé, alikuwa kijana wa miaka 23. Kongo hakuwahi kufika, wala hakufika hadi anafariki mwaka 1983. Mhariri wake, Padri Norbert Wallez, alitaka watoto waipende koloni tangu wakiwa wadogo. Hergé akachora aliyoyasikia mitaani na aliyoyaona kwenye jumba la makumbusho la Tervuren.

Katika katuni hizo Wakongo wana midomo mikubwa iliyotiwa chumvi, Kifaransa chao ni cha kubabaisha, na treni yao inaanguka kwa kugongana na gari tu. Wakiambiwa wainyanyue, wanalalamika kuwa watachoka. Tintin anaingia darasani kuwafundisha kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Mwishoni wanakijiji wanapiga magoti mbele ya sanamu yake na ya mbwa wake.

Wakati huohuo, Simon Kimbangu alikuwa gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, tangu mwaka 1921 kwa sababu mahubiri yake yaliwatisha wakoloni. Alifia humohumo mwaka 1951. Nao Wapende wa Kwango waliasi mwaka 1931, hadithi ya Tintin ikiwa inafikia tamati, wakauawa kwa mamia. Mtoto wa Brussels hakuyaona hayo. Aliwaona watu wazima weusi wenye Kifaransa cha kubabaisha, na kijana mzungu mwema akiwatatulia kila shida.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya katuni, na ndipo wazazi wengi tunapopitiwa. Chuki ya wazi mtoto huweza kuishtukia, kwa kuwa husemwa kwa ukali. Lakini Tintin ni jasiri, ana huruma, anachekesha, na mtoto anataka kuwa kama yeye. Dharau kwa Mkongo inaingia pamoja na mapenzi kwa shujaa. Mtoto hapewi hoja ambayo angeweza kuipinga siku moja. Anapewa picha, nayo inakaa kichwani kama jambo alilolijua tangu zamani.

Msomaji wa miaka minane mwaka 1930 alikuwa na miaka 36 mwaka 1958, Brussels ilipoandaa Maonyesho ya Dunia. Ndani ya uzio kilijengwa kijiji cha Kiafrika, na Wakongo waliketi humo wakifanya kazi za mikono ili watazamwe. Baadhi ya watazamaji waliwarushia ndizi. Wakongo wale walikataa kudhalilishwa, wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha. Siwezi kuibebesha katuni moja lawama yote; shule, kanisa na serikali vilifundisha somo lilelile. Lakini nikiwafikiria wazazi waliosimama pale na watoto wao, naona watu waliokuwa wamekwisha kufundishwa namna ya kumtazama Mkongo kabla hawajakutana naye.

Hergé mwenyewe alibadilika, na kilichombadilisha kina faida kubwa kwetu. Mwaka 1934, alipokuwa akijiandaa kumpeleka Tintin China, alikutanishwa na Zhang Chongren, kijana Mchina aliyekuwa akisomea sanaa Brussels. Zhang alimweleza historia ya kwao, akamwonyesha mwandiko wa kwao, wakawa marafiki. Katika hadithi iliyotokana na urafiki huo, Tintin na mwenzake Mchina wanacheka pamoja upuuzi ambao watu wa kila upande wanauamini kuhusu wengine. Kwa Kongo hakuwahi kupata Zhang wake. Mwaka 1946 alikichora upya kitabu, somo la Ubelgiji likageuka kuwa la hesabu, lakini nyuso za Wakongo zilibaki karibu vilevile.

Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo aliyekuwa akisoma Ubelgiji, alikipeleka kitabu hicho kwenye vyombo vya sheria mwaka 2007. Mwaka 2012 mahakama ilimkatalia, ikisema hapakuwa na nia ya kubagua. Wachapishaji wengine wameweka dibaji ya kueleza enzi zile. Dibaji ni jambo jema kwa mtu mzima, lakini mtoto wa miaka sita huanzia kwenye picha.

Mimi sitaki kitabu kipigwe marufuku. Nataka mtu mzima aketi na mtoto, aulize: huyu aliyechorwa hivi angechorwaje na dada yake? Na swali hilo tuanze nalo nyumbani. Katika vichekesho vyetu vya televisheni na simu, Mmasai ni mlinzi mwenye rungu na Kiswahili cha kuchekesha, hazungumzi ila kutuchekesha. Watoto wa Dar es Salaam na Nairobi wanamwiga wakicheza, na wazazi tunacheka nao. Wengi wao wataanza shule bila kumjua hata Mmasai mmoja kwa jina. Na darasani kuna mtoto wa Kimasai, aliyehamia mjini na wazazi wake, anayesikia lafudhi ya baba yake ikiigizwa kila mapumziko.