Makutano ya Dawa Mwilini

Mtu aliyeshikwa na malaria hana hamu ya kula. Homa imemchosha, kinywa chake ni kichungu, na hata harufu ya chakula humtia kichefuchefu. Kwa hiyo aghalabu humeza vidonge vyake vya mseto kwa maji matupu, akalala, akiamini ya kuwa ametimiza yote aliyoagizwa. Lakini katika kidonge hicho, ambacho Tanzania na Kenya zilianza kukitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, mna dawa mbili: miligramu 20 za artemeta, ambayo huua vimelea wengi kwa haraka na kutoweka mwilini baada ya saa chache, na miligramu 120 za lumefantrini, ambayo hukaa siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia. Hii ya pili haiyeyuki vyema katika maji, bali katika mafuta. Ikimezwa pamoja na mlo wa mafuta mengi, kiasi kiingiacho katika damu chaweza kufika mara 16 ya kile apatacho mtu mwenye tumbo tupu. Wala hapana haja ya kumlazimisha mgonjwa kula pilau, maana kikombe cha maziwa, au uji uliotiwa tui la nazi, humtosha. Sharti hili ni la kila dozi katika dozi zote 6 za siku 3. Asiyelishika, homa ikamrudia baada ya majuma machache, huilaumu dawa kuwa ni bandia, na mara nyingi huionea.

Kadiri iliyoandikwa juu ya bahasha ya dawa ni kadiri ya kile kimezwacho, ama kinachoponya ni kile kinachofika katika damu na kudumu humo kwa muda ufaao. Na baina ya hivyo viwili pana tumbo, pana ini, pana figo, na katika kila kituo dawa hukuta vitu vingine vilivyotangulia. Maziwa yaliyomfaa mgonjwa wa malaria humharibia tiba yule anayetumia siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, kwa sababu kalisi iliyomo huishika dawa hiyo na kuizuia isipenye ukuta wa utumbo. Na vidonge vya kuongeza damu, hali kadhalika vile vya kutuliza kiungulia, hufanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi. Nao mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma kwa chai ya rangi huikosa sehemu kubwa ya madini yale, kwani tanini, ambayo ndiyo iipayo chai ukakasi, huyafunga kabla hayajasharabiwa.

Ama mambo mazito zaidi hutendeka katika ini. Humo, na katika kuta za utumbo pia, kuna kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita CYP3A4, na kazi yake ni kuzivunjavunja dawa nyingi mno tunazozitumia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti wa dawa David Bailey na wenzake, katika mji wa London wa jimbo la Ontario huko Kanada, walikuwa wakichunguza athari ya pombe juu ya felodipini, dawa ya shinikizo la damu, nao wakatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe hiyo. Walistaajabu kuona dawa imezidi katika damu kupita walivyotarajia, na si kwa sababu ya pombe, bali kwa sababu ya tunda. Balungi hukilemaza kimeng'enya kile utumboni, na kwa kuwa mwili huhitaji siku nzima au zaidi kutengeneza kingine, hakumsaidii mtu kula tunda asubuhi na kumeza dawa jioni. Nifedipini, dawa nyingine ya shinikizo inayotumiwa na wazee wetu wengi, huathirika kwa njia iyo hiyo.

Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, yenye kuugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hutenda kinyume: huliamrisha ini kuzidisha vimeng'enya, hata dawa nyingine zikaondolewa kabla ya kutimiza kazi yake. Ndiyo maana anayetumia dolutegravi kwa kufubaza virusi vya UKIMWI hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na huendelea hivyo kwa majuma mawili hivi baada ya rifampisini kwisha, kwa kuwa ini halirejei desturi yake kwa siku moja. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huongezewa kadiri, na rifampisini ikikoma, asipopunguziwa, hujikuta katika hatari ya kutokwa damu. Tena vidonge vya uzazi wa mpango, na hata kijiti kilichowekwa chini ya ngozi ya mkono, hudhoofika, hata mwanamke akashika mimba ilhali kijiti kingalimo mkononi; lakini kitanzi cha shaba hakidhuriki, maana kazi yake haipiti katika ini.

Figo nazo zina haki ya kutajwa. Mzee anayetumia dawa ya shinikizo pamoja na vidonge vya kupunguza maji, akajinunulia diklofenaki kwa maumivu ya magoti, huweza kuzidhuru figo zake bila ya kuhisi lolote. Na wale wasemao kuwa dawa za miti hazina dhara wakumbuke kwamba kwinini ilitoka katika gome la mti, ule uliopandwa hata kwetu Amani katika milima ya Usambara. Chenye nguvu ya kuponya kina nguvu pia ya kugombana na dawa nyingine.

Mgonjwa akiulizwa, "Unatumia dawa gani?", hutaja zile za maradhi yaliyomleta tu. Kijiti hakitaji, kwa kuwa kiliwekwa miaka miwili iliyopita naye hakihesabu kuwa ni dawa. Wala hataji vidonge vya damu, wala ya kiungulia aliyoinunua dukani, wala majani aliyochemshiwa na bibi yake. Nawasihi wafamasia na wauguzi wenzangu wasingoje kuambiwa, bali wamwulize kila kimoja kwa jina lake, kwa upole na bila ya kumkemea, hata kama foleni ni ndefu.