Kupunguza Volteji ya Prosesa katika Kipakatalishi: Joto, Kasi na Usalama wa Data

Neno kipakatalishi limejengwa juu ya kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani kama mama ampakatavyo mwanawe. Aliyewahi kuandika tasnifu kwa mashine hiyo anajua kwamba jina lina ukarimu kuliko chombo chenyewe. Baada ya saa moja ya kazi nzito, upande wa chini huwa hauvumiliki kwa moto, feni huvuma kama mzinga wa nyuki, na kazi iliyokuwa ikienda kasi huanza kujikokota. Makala hii inanuia kufafanua chanzo cha hali hiyo, pamoja na njia moja ya kuipunguza isiyohitaji kununua kifaa chochote, nayo ni kuishusha volteji ya prosesa bila kuishusha kasi yake.

Yafaa kwanza tutenge dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa, hata na mafundi. Kushusha kasi ni kupunguza idadi ya mapigo ya prosesa kwa sekunde, idadi ipimwayo kwa gigahezi. Kushusha volteji ni kupunguza msukumo wa umeme unaoyaendesha mapigo yale yale. Katika hali ya kwanza mtumiaji hupoteza kasi ili apate ubaridi. Katika ya pili, akifaulu, hapotezi kitu.

Siri imo katika hesabu ndogo. Prosesa ni mkusanyiko wa mabilioni ya transista, na kila transista ni swichi. Swichi inapobadili hali, chaji ndogo ya umeme huingia au kutoka, na nishati inayotumika hugeuka kuwa joto. Nishati hiyo hulingana na mraba wa volteji. Kwa hivyo, mapigo yakipunguzwa kwa asilimia 10, umeme unaoliwa na kazi hiyo hupungua kwa asilimia 10 vilevile. Lakini volteji ikipunguzwa kwa asilimia 10, umeme hupungua kwa asilimia 19, maadamu 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Isitoshe, ule umeme unaovuja katika transista hata zisipofanya kazi hupungua pia.

Msomaji atauliza: ikiwa jambo lenyewe ni jepesi hivi, mbona mtengenezaji hakuishusha volteji kiwandani? Jibu ni kwamba vipande vya silikoni havilingani, hata vikitoka katika kiwanda kimoja siku moja. Japokuwa prosesa za kisasa hupimwa kabla ya kuuzwa, mtengenezaji huongeza akiba ya volteji kwa ajili ya uzee wa kifaa, joto kali na mitikisiko ya umeme. Akiba hiyo ndiyo tunayoichota. Kwa kuwa kila kipande kina akiba yake, kiwango kinachoifaa mashine ya rafiki yako si lazima kiifae yako.

Chukua mfano wa prosesa ya Intel Core i7-8550U, iliyotolewa mwaka 2017. Ina viini vinne na uwezo wa kufikia gigahezi 4.0, lakini imekadiriwa kutumia wati 15 tu, na joto lake halitakiwi kupita nyuzi 100 za selsiasi. Gigahezi hizo hupatikana kwa muda mfupi. Kazi nzito ikiendelea, prosesa hujirudisha chini yenyewe mpaka itoshee ndani ya wati au nyuzi ilizowekewa. Volteji ikishuka, kila pigo hugharimu umeme kidogo, na mapigo mengi zaidi huenea katika wati zile zile. Hapa wengi hukosea katika kupima mafanikio. Huenda joto lisipungue hata kidogo wakati wa kazi nzito, ilhali kasi imepanda. Ubaridi huonekana hasa katika kazi za wastani, pale ambapo prosesa haijagonga dari yake.

Kabla ya yote, vumbi la feni lisafishwe. Hakuna hesabu ya volteji itakayoiokoa mashine iliyozibwa pua. Baada ya hapo, programu kama ThrottleStop au Intel Extreme Tuning Utility hutumika kupunguza volteji ya viini na ya kache. Katika prosesa nyingi za Intel, hizi mbili hufuatana. Anza na milivolti 30 hivi, ujaribu, kisha uendelee kushuka kwa milivolti 10 kila hatua. Mashine ikikwama, panda juu kwa hatua mbili na utulie hapo. Usiiruhusu programu ianze yenyewe tarakilishi inapowashwa mpaka siku kadhaa zipite salama. Hivyo, kosa likitokea, kuzima na kuwasha kunatosha kurudisha volteji ya kawaida.

Jaribio lenyewe lisiwe la kazi nzito peke yake. Mashine inapopumzika, volteji yake tayari iko chini, na punguzo lile lile huweza kuiangusha wakati imeachwa mezani bila kuguswa. Kukwama, hata hivyo, ni bahati, kwa sababu kunaonekana. La kutisha ni prosesa inayokosea hesabu kimyakimya na kuandika kosa hilo ndani ya faili. Mwanafunzi mwenye sura tano za tasnifu na nakala moja tu asiguse volteji hadi awe na nakala nyingine nje ya mashine hiyo.

Kosa hilo la kimya ndilo lililofunga mlango kwa wengi. Mnamo Desemba 2019, watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza shambulio walilolipa jina Plundervolt. Walionyesha kwamba mtu aliyekwisha kupata mamlaka makuu katika mashine anaweza kuishusha volteji kwa kipimo maalumu, prosesa ya Intel ikakosea hesabu ndani ya eneo lake la siri, na funguo zilizofichwa humo zikafichuka. Intel ilitoa visasisho, na watengenezaji wengi wakaizima njia ya kubadili volteji kupitia bayosi. Kwa hiyo, ukiona programu haikubali badiliko lolote, yamkini mashine yako imefungwa hivyo. Kurudisha bayosi ya zamani ili kuifungua ni kubadilisha usalama kwa nyuzi chache za joto, biashara ambayo mwandishi huyu haipendekezi. Kwa mashine kama hiyo hubaki njia ya kushusha kasi: katika Windows, mpangilio wa umeme ukiwekwa kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99 badala ya 100, mashine nyingi huacha kuvuka kasi yao ya msingi, na feni hunyamaza.